Majaliwa na Maabara

Kwa tabibu, utasa huanza kuhesabiwa pale mume na mke wanapokutana kimwili mara kwa mara bila kinga kwa miezi 12 na mimba isishike. Mwanamke aliyefikisha miaka 35 hupunguziwa muda huo na kushauriwa aende kupimwa baada ya miezi 6. Hesabu hiyo haikutungwa ovyo. Katika kila wanandoa 100, takriban 85 hupata mimba ndani ya mwaka wa kwanza, na baadhi ya waliobaki huipata mwaka wa pili bila dawa yoyote. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita hupitia tatizo hili wakati fulani maishani mwake. Wamo ambao hawajapata kuona mimba hata moja, na wamo waliozaa mtoto wa kwanza bila shida, kisha uzazi ukasimama.

Mtaani hesabu huanza mapema zaidi. Harusi haijatimiza miezi minne, shangazi ameshaanza kutazama tumbo, na salamu zinaishia kwa swali kama kuna habari yoyote. Uzito wa jambo hili unaonekana hata katika majina. Mwanamke wa Kiswahili aliyezaa huliacha jina lake la usichana likakaa ndani, akapewa la mtoto: Mama Salma, Mama Juma. Muuza genge humwita hivyo, jirani humwita hivyo, na mumewe naye humwita hivyo. Asiyezaa hubaki na jina alilokuja nalo, na katika kikao cha wanawake kumi, yeye mmoja anapoitwa kwa jina lake tupu, kila aliyepo anaelewa.

Lugha yenyewe ina neno lake kwa hali hii: hajajaliwa. Kitenzi kimewekwa katika kutendwa, na mtendaji hatajwi kwa sababu anajulikana. Kupata mtoto ni majaliwa, na kutopata ni majaliwa pia. Hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo wanandoa wengi hulibeba kimyakimya hadi mlangoni mwa hospitali: kama Mungu ndiye aliyenyima, je, anayekwenda kutafuta mtoto kwa madaktari anakata rufaa dhidi ya hukumu Yake?

Jibu halina budi kuanzia katika vitabu vinavyotajwa kila mara swali hili linapoulizwa. Kurani, katika sura ya Ash-Shura, aya ya 49 na 50, inaeleza kwamba Mwenyezi Mungu humpa amtakaye watoto wa kike na amtakaye wa kiume, wengine huwapa wote, na amtakaye humfanya tasa. Aya hiyo haimtaji mke peke yake. Inamgusa yeyote, mume au mke. Wala haisemi kwamba utasa ni adhabu. Imeuweka pamoja na kupata watoto, mambo mawili yanayotoka katika mkono mmoja. Katika Injili, Luka anatangulia kuwataja Zakaria na Elisabeti kuwa watu wenye haki mbele za Mungu, ndipo anasema hawakuwa na mtoto. Mpangilio huo wa maneno unatosha kumnyamazisha anayedai kwamba asiyezaa ana dhambi iliyofichika.

Kisa cha Hana katika kitabu cha kwanza cha Samweli kinakwenda mbali zaidi. Hana alikuwa akichokozwa na mke mwenzake, Penina, aliyekuwa na watoto, hata akawa analia na chakula hakipiti. Mumewe alimpenda, akamfariji kwa kumuuliza kama yeye hakuwa bora kwake kuliko wana kumi. Hana alipokwenda hekaluni kuomba, midomo yake ikicheza bila sauti, kuhani Eli alimwona akadhani amelewa. Kisa hiki husimuliwa zaidi kwa ajili ya muujiza wake wa mwisho, lakini hapo katikati pana jambo lisilopaswa kupitwa: mtu wa dini alitazama huzuni ya mwanamke akaisoma vibaya, na mwanamke akalazimika kujieleza.

Waislamu wana mfano ulio karibu zaidi. Bi Aisha, mke wa Mtume, hakuzaa. Wake wenzake walikuwa wakiitwa kwa majina ya watoto wao kwa desturi ya Waarabu, yeye hakuwa na la kuitwa. Alipolalamika, Mtume alimwambia ajiite kwa jina la Abdullah, mtoto wa dada yake Asma, na kuanzia hapo akawa Umm Abdillah, yaani Mama Abdullah. Katika pwani ambako jina la mama lina uzito kiasi hicho, ni ajabu kwamba kisa hiki hakisikiki mara nyingi zaidi. Mwanamke ambaye maelfu ya hadithi za dini zimepokewa kupitia kwake hakuwa na mtoto, na hakuna Mwislamu anayethubutu kumwita pungufu.

Kuhusu tiba, pande zote mbili zina mafundisho ya wazi. Mtume aliwaamuru watu wajitibu, akaeleza kwamba hakuna maradhi yaliyoteremshwa bila dawa isipokuwa uzee. Wanazuoni wakajenga juu yake tofauti kati ya kutegemea na kutegea: anayemtegemea Mungu hufunga ngamia wake kwanza. Kitabu cha Yoshua bin Sira, kilichomo katika Biblia ya Wakatoliki, kinahimiza mgonjwa amwombe Mungu kisha ampe tabibu nafasi yake, kwa kuwa naye ameumbwa na Mungu. Kwa mafundisho haya, "Mungu hajajalia" ni ungamo la kweli, lakini si jibu la maabara. Ungamo linaeleza ni nani mwenye mamlaka juu ya uhai. Halielezi kama mirija imeziba au yai halikomai. Kosa huingia pale ungamo linapotumiwa kufunga mlango wa uchunguzi, na mlango unaofungwa mara nyingi ni ule wa mume.

Ukweli wa kitabibu hapa hauna utata. Katika takriban nusu ya visa vya utasa, tatizo la mume limo, ama peke yake ama pamoja na la mke. Hata hivyo ni kawaida mke kuwa amezunguka hospitali tatu, amepigwa picha na kunywa dawa za miezi, kabla mume hajapima hata mara moja, ilhali kipimo cha mbegu za kiume ni cha bei nafuu kuliko karibu vyote na hakiumi. Sababu kubwa ni kuchanganya mambo mawili: nguvu za kiume na uwezo wa kuzalisha. Mabango ya dawa za asili barabarani huyatangaza kama kitu kimoja. Mwanamume anaweza kuwa hodari kitandani, na manii yake yasiwe na mbegu hata moja. Mfano ni anayejidunga sindano za testosteroni ili ajenge misuli: huzima kiwanda cha mbegu, kwa sababu ubongo ukiona homoni hiyo imejaa damuni huacha kuyaamrisha makende kufanya kazi.

Kipimo chenyewe huanza kwa kujizuia siku mbili hadi saba. Fundi wa maabara hutoa kikopo cha plastiki chenye kifuniko, kikiwa kimeandikwa jina na nafasi ya kujaza saa. Anayetolea sampuli nyumbani hutakiwa kuifikisha ndani ya saa moja, akiwa ameiweka karibu na mwili wake isipoe. Manii huachwa kwanza yayeyuke, ndipo tone moja huwekwa kwenye kioo chini ya darubini, na hapo mbegu huonekana kama viluwiluwi wadogo mno: wengine wanakata maji kwenda mbele, wengine wanazunguka pale pale, wengine wametulia tuli. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataja mililita 1.4 za manii, mbegu milioni 16 katika kila mililita, na asilimia 42 zenye mwendo kuwa mipaka ya chini. Mipaka hiyo ilitokana na wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka, kwa hiyo aliye chini yake si lazima awe hawezi kuzalisha. Safari yake ndiyo huenda ikawa ndefu. Na kwa vile mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kukomaa, homa kali ya mwezi uliopita inaweza kuharibu majibu ya leo. Ndiyo maana majibu mabaya hurudiwa baada ya miezi mitatu kabla mtu hajahukumiwa.

Katika kikopo hicho kidogo dini na maabara hukutana ana kwa ana. Sampuli hupatikana kwa kujichua, jambo ambalo Kanisa Katoliki linalikataza na wanazuoni wengi wa Kiislamu wanalikataza pia. Mafakihi hulegeza kwa haja ya matibabu, na wengine hushauri mke ndiye amsaidie mumewe. Wataalamu wa maadili wa Kikatoliki wamependekeza njia nyingine: kondomu maalumu isiyo na dawa, iliyotobolewa tundu dogo, itumike katika tendo la ndoa lenyewe, ili tendo libaki wazi kwa uzazi na sampuli ipatikane. Mume anayesema dini inamzuia kupima hajauliza hadi mwisho.

Kwa mke, maswali makuu ni mawili: yai linatoka? Njia iko wazi? La kwanza hujibiwa kwa sehemu na hedhi yenyewe, kwani anayeiona kwa mpangilio kila baada ya siku 28 au 30 kwa kawaida yai lake linatoka. Damu ikipimwa projesteroni kama siku saba kabla ya hedhi inayofuata, huthibitisha. Hedhi inayoruka miezi, pamoja na chunusi na nywele za kidevu, mara nyingi huashiria ovari zenye vifuko vingi, tatizo la homoni lililoenea na linalotibika. La pili huhitaji picha ya mirija. Dawa inayoonekana kwenye eksirei husukumwa polepole kupitia mlango wa kizazi; mwanamke huhisi maumivu kama ya hedhi, na kwenye picha mfuko wa uzazi hutokea kama pembetatu nyeupe yenye nyuzi mbili nyembamba pembeni. Nyuzi zikimwaga dawa tumboni, njia iko wazi. Zikikatika au zikivimba, imeziba.

Mirija iliyoziba ndilo jeraha kubwa la Afrika. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani ulioanza mwaka 1979 katika nchi 25 ulionyesha kwamba utasa unaotokana na maambukizi ulikuwa mwingi Afrika kuliko sehemu nyingine zilizochunguzwa. Klamidia na kisonono huongoza, na klamidia huweza kukaa miaka bila dalili huku ikiunguza mirija. Yupo anayeikuta habari hii akakimbilia hukumu: alitembea ovyo, sasa analipa. Hukumu hiyo haina haki. Wanawake wengi waliletewa maambukizi na waume zao ndani ya ndoa halali. Wengine waliyapata kwa uchafu wa vifaa wakati wa kujifungua au mimba ilipoharibika, na wengine kwa kifua kikuu kilichoshuka hadi kwenye kizazi. Bakteria hawasomi cheti cha ndoa.

Kabla ya kufika kwenye picha ya mirija, wengi huwa wamepita kwingine. Pwani huambiwa ni chango, au ni jini mahaba anayewaonea wivu, au kizazi kimefungwa. Huandikiwa kombe: aya zilizoandikwa kwa wino wa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji na marashi ya waridi, mgonjwa akanywa rangi ile ya machungwa hadi sahani iwe safi. Makanisani hufungiwa maombi ya siku 21 na kupakwa mafuta. Hakuna tabibu mwenye busara atakayemkataza mtu kuombewa, na wengi hutoka hapo na utulivu ambao hospitali haiwezi kuwapa. Madhara yako kwingine: katika dawa za kuweka ukeni, zinazoweza kuunguza na kuleta maambukizi mapya, katika kusafishwa kizazi mara kwa mara bila sababu, jambo linaloweza kuacha makovu, na zaidi ya yote katika miaka inayopotea. Mwanamke huzaliwa na akiba yake yote ya mayai. Akiba hiyo hupungua kila mwaka na ubora wake hushuka kwa kasi kuanzia katikati ya miaka ya thelathini. Anayeambiwa asubiri akiwa na miaka 29 akaja kupimwa akiwa na 39 hajapoteza miaka kumi tu. Amepoteza sehemu kubwa ya uwezo wa dawa kumsaidia.

Matibabu huanza na yaliyo mepesi. Wanandoa hushauriwa kukutana kila baada ya siku mbili au tatu bila kuhesabu siku kwa hofu, mwenye uzito uliozidi apunguze, mvutaji aache sigara, na mke aanze vidonge vya foliki asidi. Yai lisilotoka huchochewa kwa letrozoli au klomifeni, vidonge vya siku tano mwanzoni mwa mzunguko, na wengi hushika mimba hapo hapo wakarudi nyumbani bila kuhitaji zaidi. Uvimbe wa kizazi unaobana nafasi ya mimba huondolewa kwa upasuaji. Mbegu zikiwa dhaifu kidogo, huoshwa na kuwekwa ndani ya kizazi kwa mrija mwembamba.

Mirija ikiwa imeziba kabisa, hubaki njia ya kuipita. Lesley Brown wa Uingereza alikuwa amejaribu miaka tisa na mirija yake haikufunguka. Patrick Steptoe, Robert Edwards na Jean Purdy walilichukua yai lake, wakalichanganya na mbegu za mumewe nje ya mwili, wakalirudisha. Louise Brown alizaliwa Oldham tarehe 25 Julai 1978. Mwaka 1992 huko Brussels ikafunguliwa njia ya kudunga mbegu moja ndani ya yai, na wanaume ambao mbegu zao zilihesabika kwa vidole wakapata tumaini. Jijini Nairobi watoto wa kwanza wa njia ya upandikizaji walizaliwa mwaka 2006. Ila tumaini hilo lina kipimo chake. Nchini Uingereza, mwanamke aliye chini ya miaka 35 ana nafasi ya takriban theluthi moja ya kuzaa kwa kila kiinitete anachopandikizwa, na baada ya miaka 42, akitumia mayai yake mwenyewe, nafasi hiyo hushuka chini ya moja katika kumi. Huku kwetu mzunguko mmoja hugharimu pesa ambazo familia nyingi hulazimika kuuza kiwanja ili kuzipata, na kituo kisichomweleza mtu nafasi yake halisi kabla hajauza kinamdhulumu.

Kuzaliwa kwa Louise kuliwagawa viongozi wa dini papo hapo. Kadinali Albino Luciani, aliyechaguliwa kuwa Papa Yohane Paulo wa Kwanza majuma machache baadaye, alimtakia mtoto heri na akakataa kuwalaumu wazazi wake, ingawa mbinu yenyewe ilimtia mashaka. Mwaka 1987 waraka wa Vatikano uitwao Donum Vitae ulitoa msimamo unaosimama hadi leo: mtoto ni zawadi, hakuna mwenye haki ya kudai apewe, na mimba yapasa itokane na tendo la ndoa. Tiba inayolisaidia tendo hilo inakubalika. Inayochukua nafasi yake haikubaliki, hata mbegu na yai zikiwa za mume na mke. Linaongezeka suala la viinitete vinavyobaki, ambavyo Kanisa linavihesabu kuwa binadamu tangu kutungwa mimba. Makanisa mengi ya Kiprotestanti hayafungi mlango kiasi hicho, na huwaachia wanandoa dhamiri zao.

Waislamu walifuata mkondo mwingine, kwa kuwa kinachowahangaisha zaidi ni nasaba. Mwaka 1980 Mufti wa Misri, Sheikh Jad al-Haqq, aliruhusu upandikizaji ikiwa mbegu ni za mume na yai ni la mke aliye katika ndoa yake. Mwaka 1986 Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lililokutana Amman, lilipitia njia saba. Likapitisha mbili zisizomwingiza mtu wa tatu na kuzikataza tano zilizobaki. Mbegu za mchangiaji, yai la kuazima na tumbo la kukodi vyote vikawa nje. Washia hawakufika mahali pamoja: mwaka 1999 Ayatollah Khamenei wa Iran aliruhusu mchango wa mtu wa tatu kwa masharti. Ukizisoma hoja za pande hizi, hakuna inayosema kwamba kutafuta mtoto ni kushindana na Mungu. Ubishi wote ni juu ya njia, na juu ya mtoto atakayezaliwa: atamwita nani baba, na atamjua nani kuwa mama.

Afrika Mashariki ililijibu swali hilo la mwisho kwa mila kabla ya maabara. Wakuria wa Mara wana nyumba ntobhu: mwanamke asiye na mtoto wa kiume, au asiye na mtoto kabisa, hutoa ng'ombe akaoa msichana, na watoto atakaowazaa huyo huwa wa nyumba ya aliyetoa mahari. Wanandi wana ndoa ya namna hiyo, na Wakamba huiita iweto. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Kenya mjini Mombasa ilimtambua mke wa ndoa kama hiyo ya Kinandi, pamoja na watoto wake, kuwa warithi. Mila hizi zilimpa mwanamke asiyezaa jina, kizazi na mwenye kumzika. Hata hivyo mzigo wa kuzaa uliwekwa mara nyingi juu ya binti wa familia maskini ambaye hakuulizwa sana, na hilo halifai kufunikwa kwa sifa za utamaduni.

Kwa wanandoa ambao tiba imefika mwisho, kulea mtoto wa mwingine ni mlango uliobaki wazi katika dini zote mbili. Sheria ya Kiislamu haimpi mtoto wa kulea nasaba mpya. Hubaki akiitwa kwa baba yake mzazi, na akikua huwa si maharimu, yaani mtu wa haramu kuoana naye, kwa waliomlea, jambo linaloleta uzito ndani ya nyumba. Lakini sheria hiyo hiyo inautambua undugu wa kunyonya. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wa pwani, mtoto aliye chini ya miaka miwili akinyonya mara tano huwa mwana wa aliyemnyonyesha, na haishurutishwi kwamba maziwa yatokane na uzazi. Madaktari wanaweza kumwandaa hata mwanamke ambaye hajawahi kubeba mimba ili anyonyeshe: dawa za kuchochea maziwa kwa majuma kadhaa, na pampu kila baada ya saa tatu, mchana na usiku. Maziwa huanza kama matone. Mtoto wa siku chache huletwa, huwekwa kifuani na kunyonya, na akishanyonya mara ya tano kwa hesabu ya fiqhi, yule mwanamke huwa mama yake wa kunyonya, na mumewe, akiwa si asili ya maziwa yale, huwa maharimu wa mtoto huyo akiwa wa kike kwa sababu amemuoa mama yake.